Fundi simu wa Usita wa Mui alivyonitolea jelibreki kwenye iPhone 8

Nimeahidi watu wengi nitaandika kuhusu huyu fundi, leo nimekaa niandike yote kwa sababu naona kila wiki mtu anauliza fundi wa iPhone hapa Amu (Lamu) ni nani, na jibu ni lile lile "peleka Mombasa". Mimi Mombasa sikwenda. Kwenda Mombasa ni mashua mpaka Mokowe halafu basi siku nzima, ulale kwa watu, urudi, na simu yenyewe hujui itarudi namna gani. Nilipeleka kwa kijana mmoja ana kijiduka kwenye kichochoro kinachotoka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, upande wa Langoni, ukipita Mkunguni ukateremka kidogo, kina mlango wa buluu na benchi la mbao nje. Jina la duka hakina, kuna kibao tu kimeandikwa simu na laptopu.

Nianze na simu. Ni iPhone 8, kakangu yuko Muscat ndiye aliyenipa, aliitumia mwenyewe miaka kisha akanunua mpya hii akanitumia na mtu. Mimi nashona na kuuza kofia za vito, yaani zile za vitundu vya kushona kwa mkono, oda zangu zote ziko WhatsApp, picha za mishono ziko kwenye simu, na wateja wa Zanzibar na Muscat wananilipa kwa benki. Simu nilipoipata ilikuwa nzuri, kamera yake inatoa vito vizuri tundu kwa tundu, ila nikiweka apu ya benki yangu inafunguka inaniandikia kwamba kifaa hiki kimebadilishwa, kisha inajifunga. Nikifuta nikaiweka tena, vile vile. Pia kakangu aliniambia nisiweke namba ya siri, sikuelewa kwa nini, basi nikakaa na simu iko wazi kama mlango wa msikiti, yeyote akiiokota anaingia mpaka ndani. Na kulikuwa na vitu viwili kwenye skrini sivijui, kimoja kimeandikwa Cydia na kimoja checkra1n.

Nilimpigia nikamuuliza, akacheka akaniambia alifanya jelibreki zamani ili aweze kurekodi simu za kazini na kubadilisha sura ya skrini. Kwa asiyejua, jelibreki ni kuvunja kufuli ambayo Apple imeiweka ili usiingize programu zaidi ya zile za duka lao. Si jambo geni, iPhone ya kwanza ilitoka 2007 na watu wakaanza kuivunja mwaka huo huo, Cydia ikaja 2008 kama duka la hizo programu za nje. Na si wizi, Marekani tangu 2010 wameiruhusu kwenye sheria yao ya hakimiliki. Kwa hiyo kakangu simlaumu, simu ilikuwa yake na alifanya anachotaka. Tatizo ni kwamba mimi ndiye niliyekuja kuitumia kwa mambo ya pesa.

Sasa kabla ya huyu fundi nilipita kwa mwingine, simtaji wala sisemi yuko wapi, alichukua simu dakika kumi akaniambia imetoka, shilingi elfu moja na mia tano. Nikafika nyumbani apu ya benki ni ile ile. Huyu wa pili ndiye aliyenionyesha kilichofanyika: yule alizima simu akawasha, basi, kisha akavificha vile vitu viwili kwenye folda ukurasa wa mwisho. Hii checkra1n, ndiyo programu aliyovunjia kakangu, ina tabia kwamba ukizima simu jelibreki inalala, Cydia ukiifungua inajifunga yenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kukudanganya kwamba imeondoka na wewe ukaona kweli haifanyi kazi. Lakini mafaili yake yote yamo ndani, na apu za benki zinatafuta hayo mafaili. Zikiyaona hazijali kama yamelala au yako macho. Nilikasirika sana siku ile na bado nikikumbuka nakasirika, maana pesa ile ni kofia, na kofia ya mkono si kazi ya siku moja.

Haya, kwa fundi wangu. Nilifika Jumatatu saa tatu asubuhi, nikampa simu nikamwambia mwanangu nataka hii irudi kama ilivyotoka dukani. Nilidhani ataichomeka pale pale. Hakuichomeka. Aliigeuza akaitazama, akaingia kwenye mipangilio, akaona juu kabisa jina la kakangu, akaniuliza, "Khala, mwenye akaunti hii yuko hai na mnasikizana?" Nikamwambia yuko hai, yuko Muscat. Akaniuliza tena, mazungumzo yako ya WhatsApp yanahifadhiwa wapi, nikasema sijui. Akaniuliza na picha je, nikasema ziko humu humu. Akanirudishia simu mkononi akaniambia "yeo haiwezekani, nikiigusa yeo utalia", yeo yaani leo.

Hapo ndipo nilipomwamini. Akanieleza taratibu na watu wamejaa pale. Tangu 2013 Apple waliweka kufuli nyingine, inakwenda na Find My, ile huduma yao ya kutafuta simu iliyopotea, yaani simu inakumbuka akaunti ya mwenyewe hata ukiifuta yote. Ukiirudisha upya bila kuitoa ile akaunti kwanza, simu inawaka safi, inaunganishwa na intaneti, halafu inakuuliza neno la siri la yule mwenye akaunti, na usipokuwa nalo umebaki na kioo. Alinifungulia droo akanionyesha iPhone nne zimelala humo, zote watu waliziriseti wenyewe au walimpelekea fundi akazifuta bila kuuliza, na wenye akaunti hawapatikani, mmoja ni Mzungu aliyeuza simu yake Shela akaondoka. Yeye hazifungui na hakuniambia kwamba kuna mtu anajua njia. Alisema tu hizo ni za vipuri.

Na jambo la pili, hili sikulijua kabisa, kumbe WhatsApp kwenye iPhone bekapu yake inakwenda iCloud, ghala la Apple la mtandaoni, ya akaunti iliyomo kwenye simu. Yaani oda zangu zote, vipimo vya vichwa vya watu, kila kitu, kilikuwa kinakwenda kwenye akaunti ya kakangu. Ningeifuta simu nikaingia na akaunti yangu mpya, bekapu nisingeiona hata chembe.

Basi akaniandikia kwenye karatasi ya daftari niende nikafanye nyumbani, kwa mpango huu. Kwanza picha, hizo alizihamisha yeye pale pale kwa waya kwenye laptopu na akanipa na flashi nikanunua, ili ziwe pahali pawili. Kisha nimpigie kakangu, tutoke kwenye akaunti yake, na simu ikiuliza kama nataka kubakisha nakala ya namba za watu niseme ndiyo, maana namba nazo zilikuwa zimeshikamana na akaunti yake. Kisha nifungue akaunti yangu mwenyewe ya Apple, niingie, halafu ndiyo nifanye bekapu ya WhatsApp bila video, kwa sababu bure wanakupa gigi 5 tu na video za harusi peke yake zinazijaza. Na akanikanya kitu kimoja mara mbili, nisiguse kile kitufe cha kufuta yaliyomo yote kwenye mipangilio, wala nisikubali simu ikiniambia nipandishe toleo jipya, maana simu yenye jelibreki ukiipandisha au kuifuta kutoka ndani yake mwenyewe inaweza kukwama kwenye alama ya tufaha isiende mbele wala nyuma.

Kumpata kakangu ilinichukua mpaka usiku. Alinitajia neno lake la siri nikaliandika mwenyewe kwenye simu, tukatoka kwenye akaunti, na kesho yake akalibadilisha. Bekapu ya WhatsApp ilikesha, nilikwenda kulala iko nusu nikaamka alfajiri imemaliza. Hii ni kazi ya kufanywa nyumbani kwa utulivu, na namshukuru kwamba hakutaka kuifanya yeye ili aniongezee bei.

Jumatano nikarudi. Hapa nataka nieleze vizuri alichofanya maana nilikaa kwenye kigoda nikatazama mwanzo mpaka mwisho, punda wanapita na mizigo nyuma yangu, na nilimuuliza kila kitu naye alinijibu kila kitu. Faili la mfumo alikuwa keshalishusha usiku wa kuamkia siku ile. Nikamuuliza kwa nini asishushe sasa, akasema hili faili ni gigi kadhaa, na iPhone ikiwekwa kwenye hali ya uokozi inasubiri kama dakika 15 tu, ikiona kompyuta bado inashusha inatoka yenyewe inajiwasha. Mahali pana intaneti ya kasi hujali, hapa kwetu siku nyingine dakika 15 hushushi hata robo. Kwa hiyo yeye anashusha usiku, anaweka kwenye laptopu, kisha kwenye iTunes, programu ya Apple ya kompyuta, anashikilia kitufe cha Shift huku anabonyeza kurejesha, inamfungulia achague faili lake mwenyewe. Intaneti bado inahitajika kidogo, maana Apple lazima wathibitishe toleo lile, na wanathibitisha toleo jipya tu, yale ya zamani wakishayafunga huwezi kurudi nyuma. Simu yangu ilikuwa kwenye iOS 14, iOS ndiyo mfumo wa iPhone, ikabidi iende 16, na kwa iPhone 8 hapo 16 ndiyo mwisho wake, haipandi tena.

Kuiweka kwenye ile hali alinionyesha nami nikaweza: bonyeza cha kuongeza sauti uachie upesi, bonyeza cha kupunguza uachie upesi, kisha shikilia cha pembeni, tufaha likija usiachie, endelea kushikilia mpaka uone picha ya waya na laptopu. Hiyo ni kwa iPhone 8 kwenda mbele. Iphone 7 unashikilia cha kupunguza sauti pamoja na cha pembeni, 6s na za nyuma ni kile cha chini cha duara pamoja na cha kuwasha. iTunes ikakuletea maneno mawili, kusasisha au kurejesha, ukitaka kutoa jelibreki ni kurejesha, kusasisha kunajaribu kuacha vitu vyako na wewe hutaki kiachwe kitu.

Ikaanza, ule mstari ukajaza kama thuluthi, kisha laptopu ikatoa kosa 4013 na simu ikabaki nyeusi. Moyo wangu ulianguka. Yeye hakushtuka, akasema namba hiyo mara nyingi ni waya au tundu la waya, akaangalia waya akaona ni ule wa bei ya chini umeanza kuchanika shingoni. Akatoa mwingine, akabadilisha na tundu kwenye laptopu, akaanza upya. Mara hii ikaenda mpaka mwisho. Lakini nasema wazi, waya ule hakupaswa kuutumia tangu mwanzo, na nilimwambia, akakubali, akaukata kwa mkasi mbele yangu akautupa.

Katikati ya kazi umeme ulikatika, kama kawaida yetu, na laptopu ikaendelea kwa betri. Nilimuuliza ingezimika je? Akasema simu haifi, inabaki kwenye hali ya uokozi unaanza tena, yaliyopotea ni muda.

Ilipowaka ikaandika salamu kwa lugha moja baada ya nyingine, nikaingia kwa akaunti yangu. Hapa alinishauri nisirudishe bekapu nzima ya simu ya zamani, nianze kama simu mpya, nichukue WhatsApp na namba na picha tu, kwa sababu bekapu haileti jelibreki yenyewe lakini inaweza kuleta takataka za mipangilio yake. Nikafanya hivyo. WhatsApp ikanitumia namba ya kuthibitisha, ikaiona bekapu, oda zikarudi zote, mpaka ile ya mzee wa Matondoni ya mwaka juzi. Nikaweka namba ya siri, nikaweka na alama ya kidole. Na akanieleza kwa nini kakangu alinikataza namba ya siri: kwenye simu hizi za chipu ya A11, hiyo checkra1n kwenye iOS 14 haikubali kuingia kama kuna namba ya siri. Yaani ili simu iendelee kuwa na jelibreki ilibidi ikae wazi. Hilo peke yake lingetosha mimi kuikataa.

Mwisho tukaifungua apu ya benki. Ikafunguka. Ikaniomba nijisajili upya kwa sababu inaona ni simu mpya, nikajisajili, nikaona salio langu. Nilitamka alhamdulillahi kwa sauti na watu wa benchi wakageuka.

Swali moja nililomuuliza nataka nililete hapa kwa sababu alinijibu ukweli ambao mwingine angeuficha. Nilimuuliza, sasa huo mlango waliopitia umezibwa? Akasema hapana. Ile njia inaitwa checkm8, ilitangazwa 2019, na kosa lenyewe liko kwenye sehemu ya chipu inayosomwa kwanza simu inapowaka, imechongwa kiwandani, toleo jipya haliwezi kuiziba. Inagusa chipu za A5 mpaka A11, yaani iPhone 4S mpaka iPhone X. Lakini mtu lazima aishike simu mkononi, aiunganishe na kompyuta kwa waya, haiwezekani kwa mbali, na ndiyo maana namba ya siri ni muhimu na simu usimwachie mtu usiyemjua. Programu alizoweka kakangu zimefutika zote, ila simu ni ya 2017 na umri wake ni huo.

Nyumbani nilisoma zaidi nikaona sikukosea kuhangaika. Mwaka 2015 kulikuwa na programu mbaya iliyoitwa KeyRaider, ilipitia simu zenye jelibreki tu na ikaiba akaunti za Apple zaidi ya 225,000. Na kabla yake 2009 kulikuwa na mdudu, yaani programu inayojieneza yenyewe, aliyeingia kwenye iPhone zilizovunjwa kwa sababu neno la siri la ndani lilikuwa moja kwa simu zote, "alpine", na wenyewe hawakulibadilisha. Kuna watu hapa kisiwani wanatumia simu hivyo na wanapokea malipo humo humo.

Bei: shilingi 2,000 kazi yote, flashi nililipa mbali. Siku ya kwanza hakuniambia bei mpaka nilipouliza, na hilo si vizuri, mtu anataka kujua kabla hajakaa. Aliniambia nifuate saa saba ikamalizika baada ya swala ya Asri, lakini humo mna umeme na waya kwa hiyo nusu ya lawama nampunguzia. Risiti hana, nilimwomba akaniandikia kwenye karatasi na tarehe na namba ya simu yenyewe, nawe omba.

Lililonikera kuliko yote ni neno la siri. Siku ya kwanza alinitaka nimtajie neno la siri la barua pepe yangu ili aangalie kitu, na pale mlangoni kuna watu sita na watoto wa madrasa. Nilikataa, nikamwambia nipe simu niandike mwenyewe. Alinipa bila ubishi, na siku ya pili alikuwa anawageuzia wateja wote simu waandike wenyewe, nikaona amesikia. Duka ni dogo sana, mtu akizungumza ndani wa nje anasikia, na kwa sisi wanawake hakuna pa kukaa ila lile benchi la wanaume, mimi nililetewa kigoda baada ya kusimama kitambo.

Aliniambia pia betri yangu imeshuka mpaka asilimia 79 na kwa iOS 16 nitaona inaisha upesi. Hakunilazimisha. Kweli sasa inaisha upesi kuliko zamani na simu ni nzito kidogo kufunguka, nitairudisha kwake abadilishe nikimaliza oda za Maulidi.

Ukienda kwake nenda asubuhi, Ijumaa anafunga mapema. Nenda na simu imejaa chaji, na kama simu ulipewa au uliinunua mkononi kwa mtu, mtafute huyo mtu kwanza akiwa bado anapokea simu zako. Kakangu nimemwambia iPhone yake nyingine akitaka kumpa mtu atoke kwenye akaunti yake huko huko Muscat kabla haijafungwa kwenye mfuko, akasema keshaitoa.